Daftari la Buibui

Mwanadamu ana desturi ya kupima thamani ya viumbe kwa ukubwa wa miili yao, au kwa faida na hasara aipatayo kwao. Tembo ana watu wa kumhesabu, simba ana watu wa kumlinda, na samaki ana karani wa kumpima kwa mizani kila asubuhi ufukoni. Buibui hana mahali katika hesabu hiyo. Nyama yake haiuzwi sokoni, hariri yake haipimwi dukani, na umbo lake halimtishi mtu mzima kiasi cha kumheshimu. Aonekanapo katika pembe ya nyumba, mkono hutafuta ufagio kabla jicho halijamtazama vema. Watu wa pwani wana vazi la staha lenye jina kama lake, na katika visa vya Waislamu utando wake husifiwa kwa kufunika mlango wa pango na kuwapoteza maadui waliofuata nyayo. Lakini heshima hizo mbili hazijamfaa kitu. Mbele ya ufagio buibui hana wakili wala shahidi.

Hata hivyo wapo watu, hapa mmoja na pale mmoja, waliojitwika kazi ya kuwa mashahidi wake. Kazi yao ni kuandika kwamba buibui fulani alionekana siku fulani, saa fulani, mahali fulani, akifanya jambo fulani. Kazi hii haina mshahara, na aghalabu haina shukrani. Habari ya mmoja wa watu hao yastahili kusimuliwa, si kwa kuwa aliifanya kazi yake pasipo kosa, bali kwa kuwa alikosa, na kosa lake lafundisha maana ya daftari kuliko mafanikio yake.

Mtu huyo alikuwa mwalimu wa shule katika Mbita, mji mdogo wa Kenya ulio kando ya Ziwa Viktoria, ukikabiliana na kisiwa cha Rusinga. Ziwa hilo lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,000, na maji yake yako mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kenya, Uganda na Tanzania zimegawana mwambao wake. Mwalimu hakuwa na tamaa ya ziwa zima. Alijichagulia kipande cha ufuko ambacho mtu aweza kukitembea kwa miguu jioni moja: matete na mafunjo penye tope, mawe meusi penye mwinuko, vichaka vya lantana na mibarika kando ya njia, kisha nyumba za wavuvi. Usiku taa za wavuvi wa dagaa huonekana majini kana kwamba kuna mji mwingine ng'ambo. Katika siku fulani za mwezi vijidudu vya ziwani visivyouma huinuka majini kwa mamilioni, na mawingu yao huonekana toka mbali kama moshi wa nyika inayoungua. Wingi huo wa chakula ndio uufanyao mwambao huo kuwa nchi ya neema kwa buibui.

Daftari lake lilizaliwa na swali la mtoto. Siku moja mwanafunzi wa darasa la nne alimwonyesha buibui chini ya dawati akauliza, "Mwalimu, huyu anaitwaje?" Mwalimu akajibu, "Huyu ni buibui." Mtoto hakuridhika. "Naam, Mwalimu, lakini ni buibui gani?" Darasa lilicheka, na mwalimu akacheka pamoja nalo, lakini swali lilimfuata mpaka nyumbani. Aliyajua majina ya samaki wa ziwa, wakubwa kwa wadogo. Aliyajua majina ya ndege na ya miti. Kwa viumbe waliokuwa wengi kuliko wote hao, waliolala naye chini ya paa moja, alikuwa na neno moja tu. Ikawa kama mtu aliyeishi miaka arobaini katika kijiji akiwaita majirani zake wote kwa jina la "mtu".

Alianza kwa kujifunza mipaka ya ukoo wenyewe. Buibui si mdudu kwa maana ambayo wataalamu hulitumia neno hilo. Mdudu ana miguu sita, na kichwani ana vipapasio. Buibui ana miguu minane, hana kipapasio wala bawa, na mwili wake ni sehemu mbili. Ukoo huo huitwa araknida, na ndani yake wamo nge mwenye mwiba mkiani, kupe anyonyaye ng'ombe, papasi aletaye homa katika nyumba za udongo, na utitiri wa kuku. Yumo pia kijinge kidogo kisicho na mkia, kiishicho chini ya magome ya miti, ambacho watu wengi hufa pasipo kukiona. Kazi ya kuwapa buibui majina ya kitaalamu ilianzishwa na Carl Clerck wa Sweden katika kitabu alichokitoa mwaka 1757, na mwaka 2022 orodha ya aina za buibui waliokwisha pewa majina duniani ilipita 50,000. Mwalimu alipoanza orodha hiyo ilikuwa fupi kuliko hivyo, lakini yatosha kusema kwamba hakuna mtu mmoja, hata angeishi mara tatu, awezaye kuwajua wote. Ilimpasa achague kuwajua majirani zake.

Vifaa vyake vilikuwa vya maskini. Alikuwa na tochi, kioo cha kukuzia, chupa ndogo zilizokuwa za dawa, spiriti, mwavuli mweupe uliovunjika mpini, na kalamu ya risasi. Mwavuli aliufungua juu chini chini ya kichaka, akakipiga kichaka kwa fimbo, na viumbe vilivyodondoka akavitazama juu ya kitambaa cheupe kabla havijatoroka. Vikombe alivizika ardhini mpaka midomo yake ikawa sawa na udongo, ili waendao usiku watumbukie. Tochi aliishika karibu na jicho lake, maana macho ya buibui wawindaji wa ardhini hurudisha nuru, na nyasi zilizoonekana tupu mchana hung'aa usiku kwa vimulimuli visivyoruka. Kalamu ya risasi nayo ilikuwa na sababu yake: wino wa kawaida huyeyuka katika spiriti, na chupa iliyopoteza maandishi yake ni kaburi lisilo na jina. Kila chupa ilitiwa ndani kijikaratasi chenye mahali, tarehe, saa, na hali ya hewa. Mwalimu aliwaambia wanafunzi wake kwamba buibui asiye na karatasi ni mzoga, na buibui mwenye karatasi ni habari.

Kwa njia hiyo ufuko aliodhani anaujua ulianza kumfumbukia. Katika matete aliwaona buibui wembamba wenye taya ndefu, ambao jua likichwa hutanda nyavu zao juu ya maji, kisha hujinyoosha juu ya jani wakafanana na jani. Penye mawe alimwona buibui mvuvi, aliyeegemeza miguu ya nyuma juu ya jiwe na kuweka ya mbele juu ya uso wa maji, akisikiliza mtikisiko kama mvuvi ashikavyo mshipi. Katika miba aliona hema za hariri zilizopandana kama kijiji, kila mmoja na chumba chake, wala hapana aliyemfukuza mwenziwe. Juu ya shina la mti aliona sisimizi weusi wakipanda kwa msafara. Akawatazama kwa kioo, akakuta baadhi yao wana miguu minane. Walikuwa buibui waigao sisimizi kwa umbo na kwa mwendo, wakitembea kwa makundi ili adui zao wawaogope. Aina hiyo ya Mbita ilipewa jina na wataalamu mwaka 2002, nalo ni Myrmarachne melanotarsa. Mwalimu alikuwa amekwisha iandika kabla ya hapo, kwa maneno yake mwenyewe: "Sisimizi wa uongo, wengi, shina la mti wa tatu toka gatini."

Kazi hiyo ilikuwa na uchungu wake. Aina nyingi za buibui hazitambulikani kwa rangi wala kwa ukubwa. Hutambulikana kwa viungo vya uzazi vya mkubwa aliyekomaa, navyo hutazamwa kwa hadubini, na atazamwaye sharti awe amekufa. Basi yule aliyejitia kuwa wakili wa buibui alilazimika kuwaua baadhi yao ili wapate majina. Mwalimu hakuupuuza mgongano huo. Alijiwekea sharti kwamba hatamwua yeyote ambaye hataandikiwa karatasi siku ile ile, wala hatachukua wawili pale ambapo mmoja alitosha. Mchanga hakuchukuliwa kabisa, maana mchanga hawezi kutambulikana, na kumwua ni kumwua bure. Na alipokuwa hana hakika ya jina, aliacha nafasi tupu. Katika daftari la miaka ya kwanza nafasi tupu ni nyingi kuliko majina, na mtaalamu mmoja aliyelipitia baadaye alisema kwamba nafasi hizo ndizo zilizomfanya ayaamini majina.

Methali ya Kiswahili yasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwalimu aliiandika methali hiyo katika jalada. Alikuwa ametoka ufukoni kila jioni kwa miezi mingi mfululizo, na mfululizo huo ukawa fahari yake. Ndipo ulipoingia mtihani.

Katika masika ya mwaka mmoja binti yake wa mwisho, mtoto wa miaka sita, alishikwa na malaria. Homa ilipanda usiku, ikashuka alfajiri, ikapanda tena. Siku ya tatu akapatwa na degedege. Walimpeleka zahanati, wakarudi naye na dawa, na kwa siku kumi na moja mwalimu hakuuona ufuko. Usiku alikaa kando ya kitanda akilowesha kitambaa katika maji, na mchana alilala kidogo akiwa ameketi. Hakuna mzazi asiyejua kwamba katika siku za namna hiyo dunia huwa ndogo kama chumba. Chandarua kimoja, taa moja, ukuta mmoja, na pumzi za mtoto mmoja ndizo zilizokuwa ulimwengu wake.

Asubuhi ya siku ya tano nuru ya dirisha iliangukia ukuta ule, na mwalimu, akiwa hana kazi ila kungoja, aliutazama. Palikuwa na mbu ametua, tumbo limevimba kwa damu hata lilionekana jekundu; na yamkini damu ile ilikuwa ya mtoto wake. Chini ya mbu palikuwa na buibui mdogo wa rangi ya vumbi, mfupi kuliko ukucha, mwenye macho mawili makubwa mbele kama taa za gari. Alikwenda hatua, akasimama. Akaenda hatua, akasimama. Kisha aliruka, na mbu hakuruka tena. Mwalimu aliliona jambo lile toka mwanzo mpaka mwisho, na hakuliandika. Daftari lake lilikuwa la ufuko, si la chumba cha mgonjwa. Na buibui mwenyewe alikuwa yule wa siku zote, afagiliwaye kila asubuhi pamoja na majivu. Mkewe aliingia na ufagio kama ilivyokuwa desturi, akafagia ukuta, akasema, "Baba watoto, lala kidogo, nitakaa naye mimi." Mwalimu akalala.

Mtoto alipona. Mwalimu alipolifungua daftari tena alikuta kurasa kumi na moja tupu, akaona haya. Si haya ya mtu aliyetenda uovu, bali haya ya fundi aonaye ufa katika ukuta alioujenga. Alijiambia kwamba alizijua jioni za ufuko ule kuliko kiganja cha mkono wake, na kwamba buibui wa matete hawakuwa na sababu ya kubadili tabia kwa kuwa yeye hakuwapo. Akachukua kalamu ya risasi, akazijaza. Jioni ya kwanza aliandika tando kumi na mbili katika matete, ya pili kumi na nne, ya tatu kumi na tatu. Hewa shwari, tando zote nzima. Alizichanganya hesabu kidogo ili zifanane na kweli. Ilimchukua muda mfupi kuliko wa kunywa chai, na mfululizo wake ukawa mzima tena.

Miaka ikapita. Karibu na mji ule kuna kituo cha utafiti wa wadudu, tawi la kile kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, mtaalamu mzaliwa wa Kenya. Na tawi hilo la Mbita sasa laitwa kwa jina lake. Huko wataalamu walikuwa wakimchunguza buibui mmoja mdogo arukaye, akaaye katika nyasi na juu ya kuta za nyumba za watu. Mwaka 2003 alipewa jina la Evarcha culicivora, na jina hilo la pili lina maana ya mla mbu. Mwaka 2005 ilitangazwa habari ambayo haikuwahi kusikiwa juu ya buibui yeyote. Huyu hupenda damu ya wanyama wenye uti wa mgongo, lakini kwa kuwa hana kinywa cha kuinyonya mwenyewe, huchagua mbu jike aliyekwisha shiba damu. Mwambao ule una vijidudu visivyouma vingi mara nyingi kuliko mbu. Yeye huwapita hao akamtafuta mbu. Wachanga wake humjua hata anofelesi, yule mbu wa malaria, kwa jinsi aketivyo ameinua tumbo, nao humzunguka kwa nyuma wakamnasa toka chini. Baadaye, mwaka 2011, ilitangazwa kwamba harufu ya soksi iliyovaliwa na mtu humvuta. Yaani hukaribia makao ya watu kwa sababu ile ile imvutayo mbu. Tena hunywa utamu wa maua ya lantana na mibarika, vichaka vile vile vya kando ya njia. Naye hajulikani kuishi pengine popote ila katika nchi za kandokando ya Ziwa Viktoria, upande wa Kenya na wa Uganda.

Hapana mtaalamu aliyesema kwamba buibui huyu ataiondoa malaria. Chandarua hakijapata mrithi katika yeye. Lakini mwalimu alipoisoma habari ya mwaka 2005 aliijua mara moja asubuhi ile, ukuta ule, na hatua zile za kwenda na kusimama. Alilifungua daftari katika tarehe zile, ingawa alijua atakachokikuta. Alikuta tando kumi na mbili, kumi na nne, kumi na tatu. Jambo asilolipata kuliona lilikuwa limeandikwa vizuri, na jambo aliloliona halikuwapo. Akalifunga, asimwambie mtu.

Kisha akaja kijana mmoja wa chuo kikuu, aliyekuwa akiandika tasnifu juu ya buibui wa mwambao na mvua. Alikuwa amesikia kwamba yuko mwalimu mzee mwenye daftari la miaka mingi.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Alilichukua daftari kwa wiki tatu, akarudi uso umejaa furaha. Alikuwa na hesabu za mvua alizozipata katika kituo cha kupimia, akazilaza mezani kando ya daftari.

"Mwalimu, kuna jambo hapa ambalo sikulikuta katika kitabu chochote," alisema. "Tazama tarehe hii. Umeandika saa moja ya usiku, tando kumi na nne, zote nzima. Nami ninazo hesabu za mvua ya siku hiyo hiyo; ilinyesha kwa nguvu tangu alasiri mpaka usiku wa manane. Na siku iliyofuata ni vivyo hivyo. Basi utando wa buibui huyu hustahimili mvua ambayo wataalamu husema huuvunja. Nimeliandikia jambo hili sura nzima, na jina lako nimelitaja kuwa ndiwe uliyelivumbua."

Binti wa mwalimu, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa, aliingia na birika la chai, akawamiminia, akatoka. Mwalimu alimtazama mpaka alipopita mlangoni. Njia mbili zilikuwa mbele yake, na moja ilikuwa rahisi mno. Hakuhitajiwa hata kusema uongo mpya. Ule wa zamani ungejisemea. Angenyamaza, na kunyamaza kwake kungeitwa unyenyekevu. Lakini aliwaza wanafunzi ambao hawajazaliwa, watakaoisoma sura ile na kujenga juu yake, na wengine juu ya wale, kama nyumba iliyosimamishwa juu ya tando kumi na nne ambazo hazikutandwa.

"Mwanangu," alisema, "tando hizo sikuziona. Siku hizo kumi na moja sikutoka nyumbani. Huyu aliyekuletea chai alikuwa mgonjwa, nami nikajaza kurasa baadaye kwa kubahatisha."

Kijana alikiweka kikombe chini. Kimya kikawa kirefu, na nje sauti za wavuvi wakitengeneza nyavu zilisikika waziwazi. Hakukasirika, wala hakucheka. Aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya heshima, nalo lilikuwa zito kuliko lawama yoyote.

"Na siku nyingine, Mwalimu?"

Siku nyingine zote zilikuwa za kweli. Lakini mwalimu alitambua kwamba hana njia ya kuthibitisha. Kurasa za kweli na kurasa za uongo ziliandikwa kwa mkono mmoja, kwa kalamu moja, kwa mwandiko mmoja. Na mtu aliyejaza kumi na moja kwa nini asiweze kujaza mia? Alijibu, "Siku nyingine nilikwenda. Sina shahidi ila chupa." Kijana aliinamisha kichwa. Sura ile aliifuta. Katika daftari zima alitumia zile siku tu ambazo chupa yenye karatasi ilizishuhudia, nazo hazikufika hata theluthi. Alifanya haki. Mwalimu mwenyewe alimwambia kwamba amefanya haki, ingawa usiku ule hakupata usingizi.

Asubuhi alichukua kalamu na rula. Hakuzifuta kurasa zile kwa mpira, maana kufuta ni kusema uongo mara ya pili. Alipiga mstari mmoja juu ya kila ukurasa, mwembamba, ili maandishi yaliyo chini yaendelee kusomeka, na pembeni akaandika: "Sikutoka. Mtoto alikuwa mgonjwa. Hesabu hizi ni za kubuni." Kisha akakaa kitambo akiuwaza ule ukuta. Tamaa ya kuliandika tukio la mbu katika tarehe yake ilikuwa kubwa, maana lilikuwa la kweli. Lakini tarehe yenyewe ilikuwa ya kumbukumbu, na kumbukumbu ya mtu aliyekwisha soma habari fulani haiwezi kutenganishwa na habari aliyoisoma. Aliliandika katika ukurasa wa mwisho, mbali na tarehe zote: "Nakumbuka kuona, katika siku hizo, buibui mdogo arukaye akimkamata mbu mwenye damu juu ya ukuta wa chumba. Sikuandika wakati ule. Hii ni kumbukumbu, si ushahidi."

Maneno hayo machache hayakuongeza kitu katika elimu ya dunia. Wataalamu walikwisha yajua kwa ushahidi ulio bora. Lakini yaliligeuza daftari kuwa kitu kingine. Kabla ya hapo lilikuwa daftari la mtu asiyekosa, na mtu wa namna hiyo hayupo. Sasa lilikuwa daftari la mtu aliyekuwapo siku fulani, asiyekuwapo siku nyingine, na akasema ni zipi. Siku tupu nayo ni habari. Yasema kwamba aliyekuwa akitazama alikuwa na nyumba, na nyumba ilikuwa na mtoto, na mtoto alikuwa na homa. Wala hakuna elimu ya ziwa lile iliyo kamili ikiwa haina habari hiyo.

Binti ndiye aliyelichukua daftari macho ya baba yake yalipopungua nguvu. Alilibadili jambo moja. Baba yake alianza kuandika ufukoni wakati wa magharibi. Yeye huanza nyumbani asubuhi, kabla ya kufagia. Huenda ukutani na kioo cha kukuzia, hutazama pembe kwa pembe, huandika waliopo na saa aliyowaona, na asipoona kitu huandika kwamba hakuona kitu. Kisha huchukua ufagio akafagia sakafu, na ukuta akauacha.